Mpiga Tarumbeta na Moshi wa Serikali

Haya si ya zamani za kale, ni ya juzi tu, na sungura hayumo. Nchi yenyewe inaitwa Kungugu. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mchora ramani alikuja kwetu na vyombo vyake, akakaa akisubiri moshi upungue aione mipaka, alipochoka akachora doa la kijivu akaenda zake. Serikali ililipokea doa lile kwa shangwe na ngoma, ikalifanya bendera.

Mimi ni Chande, mpiga tarumbeta wa serikali. Usinicheke. Kwingine sheria hutungwa bungeni, watu wanasinzia, wakiamka wanagonga meza. Sisi Kungugu tuliona huko ni kupoteza muda. Kwetu kiongozi husimama jukwaani, husema neno lake, kisha huinua usinga juu. Usinga ukipanda napuliza tarumbeta, na ninapuliza mfululizo mpaka ushuke. Ukishuka tarumbeta bado linalia, neno limekwisha kuwa sheria. Pumzi ikinikatikia njiani, neno hubaki maneno tu, kama ya walevi. Na lolote litakalosemwa tarumbeta likiwa linalia halihesabiki, hata liwe limesemwa na nani.

Jambo jingine mlijue mapema: kwetu sheria haifutwi, kwa sababu kiongozi hakosei. Sheria huruhusiwa kufafanuliwa tu, na ufafanuzi nao hupigiwa tarumbeta. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa imening'inia kwenye mashavu yangu, na mimi, jamani, nilivimba kwa fahari hata nisipopuliza.

Umeme wetu ulitoka kwenye mtambo wa makaa ya mawe uliojengwa katikati ya mji wa Masizini, ili kila mwananchi aufaidi. Moshi wake ulikuwa marufuku kuuita moshi. Jina lake rasmi lilikuwa Wingu la Neema. Redio ikitangaza hali ya hewa ilisema, "Leo Wingu la Neema litakuwa zito, wenye kanzu nyeupe wawe wazalendo." Ukimwamkia mtu, hukohoa kwanza ndipo ajibu, na asiyekohoa tulimtazama mara mbili tukidhani ni mgeni au mpelelezi.

Sasa nije kwa mke wangu, Somoe. Huyu ndiye mwenye hadithi hii, mimi ni mpuliza tu. Somoe alikuwa na kinywa, nyie! Tangu tuoane sikuwahi kushinda ugomvi hata mmoja. Ningeanza mimi, nikiwa na haki yangu mkononi, yeye angeikunja ile haki, angeikalia, na ningemaliza kwa kuomba radhi. Majirani walikuwa wanaacha vyungu vyao jikoni waje kusikiliza.

Kisha kifua kikambana. Kilianza kama vikohozi vya watu wote, vya adabu, halafu kikawa kinamkunja. Akawa halali chali tena, analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Akianza kunisema, kikohozi kinamkatia katikati. "Chande, wewe mwanamume ni wa ajabu, nimekwambia ukitoka ufunge..." Basi, hapohapo, kohokoho, mpaka machozi yanamtoka, na mimi sijui nifunge mlango, dirisha au mdomo. Siku hizo nikawa nashinda ugomvi wote. Haki ya Mungu, sikuutaka ushindi ule. Nilikuwa naketi barazani peke yangu na ushindi wangu, nalia.

Nilimpeleka kwa tabibu. Tabibu akamsikiliza kifua, akatikisa kichwa.

"Huyu mama hana ugonjwa," akasema. "Ana moshi. Mtoe kwenye moshi, kabla ya masika kifua hiki kitakuwa kimepona. Ukimwacha hapa, masika hayaoni."

"Nimpeleke wapi, daktari?"

"Nje ya nchi."

"Mpakani wanataka wakuone uso ndipo wakupitishe, na mpakani hakuonekani nyuso."

Tabibu akawaza, akakohoa. Mimi nami nikakohoa, tukaagana.

Hapo ndipo aliporudi nchini Mhandisi Nyamizi. Binti wa palepale Masizini, alikwenda kusoma mambo ya nyuklia huko kwenye nchi zinazoonekana. Akaomba kuonana na Waziri wa Mwanga na Giza, Mheshimiwa Magotagota. Mimi nilikuwepo, maana Mheshimiwa hakwenda popote bila tarumbeta lake, hata msalani nilisubiri mlangoni, huenda wazo likamjia.

Nyamizi akaweka mezani kidonge cha udongo, kidogo kama ncha ya kidole.

"Mheshimiwa, huu ni mfano tu. Lakini kidonge cha urani cha ukubwa huu hutoa joto kama la tani nzima ya makaa ya mawe. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, umeme unapatikana. Ni kama mtambo wetu wa sasa, ila hakuna kinachoungua na hakuna moshi."

Mheshimiwa akakiangalia kidonge kama mtu aliyeletewa mboga bila ugali.

"Hakuna moshi?"

"Hakuna."

"Basi wananchi watajuaje kwamba serikali inafanya kazi?"

Mimi nikatazama dari.

"Na taka zake?" Mheshimiwa akauliza. "Usidhani sisi hatusomi. Nasikia taka zake ni hatari."

"Ni hatari kweli, sikufichi, na hubaki hatari kwa muda mrefu sana. Lakini ni chache, ni ngumu, hazipeperuki. Huzamishwa majini zipoe, kisha hufungiwa ndani ya chuma na zege, zikalindwa. Siku zote tunajua ziko wapi. Mheshimiwa, taka za makaa ziko wapi?"

"Za makaa hazina tatizo," akasema Mheshimiwa. "Hatujui ziko wapi."

"Ziko vifuani mwetu."

"Binti, usiingize siasa. Nasikia pia hivyo vinu vya nyuklia hulipuka."

"Ajali zimewahi kutokea huko duniani, Mheshimiwa, na mbaya. Watu walikufa, miji ikahamwa. Ndiyo maana hujengwa ukuta ndani ya ukuta na mashine za kupoza juu ya mashine za kupoza. Lakini ukiwapanga waliouawa na vinu upande mmoja, na waliouawa na moshi upande wa pili, ule mstari wa pili hutauona mwisho wake. Moshi hausubiri ajali. Unaua ukiwa mzima, unafanya kazi vizuri."

Mheshimiwa Magotagota akaegemea kiti, akatabasamu kwa huruma.

"Hapo ndipo wasomi mnapopotea. Anayekufa kwa moshi anafia kitandani kwake, mmoja mmoja, kwa adabu, na jirani anaambiwa kifua kilimsumbua. Hakuna kelele, hakuna waandishi wa habari, hakuna wa kumwuliza Waziri. Huo ni msiba wa kistaarabu. Wewe unataka kuniletea kitu ambacho kikiua mtu mmoja tu, nitaamshwa usingizini!"

Sikuambii kwamba magari yote ya kubebea makaa yalikuwa ya shemeji yake. Hilo halihusiani, na yeye mwenyewe alilisema mara nyingi bila kuulizwa.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia Somoe. Akasikiliza ameegemea mito yake.

"Huyo binti ana akili," akasema. "Na huyo waziri wako, mwambie..." Kikohozi kikachukua yaliyobaki. Nikamshika mabega mpaka kikamwachia. Nilikaa nikijiuliza alitaka nimwambie nini.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara wa kuzika nyuklia, chini ya dohani la mtambo, watu wakajaa. Hata Somoe alikuja, na kigoda chake na khanga puani. Nilimkataza. Akanitazama tu, na mtazamo wake haukuwa na kikohozi, basi nikamwachia njia.

Mheshimiwa alikuwa na hotuba ya mtego. Hakutaka kuipiga marufuku nyuklia waziwazi, wasije wageni wakatuita washamba. Alitaka kuweka sharti ambalo hakuna kinu kingeliweza, na mwisho kabisa aongeze maneno matatu, "isipokuwa za makaa." Ndivyo alivyonieleza tukiwa garini, akicheka. Akaniambia atainua usinga baada ya hayo matatu.

"Wananchi wa Kungugu!" akanguruma. "Kuanzia leo, yeyote azalishaye umeme katika nchi hii atazikusanya taka zake zote! Ziwe ngumu, ziwe maji, ziwe mvuke, ziwe moshi, ziwe vumbi! Azifungie! Azilinde! Akae nazo nyumbani kwake yeye mwenyewe! Asiachie hata chembe imguse mwananchi!"

Watu wakapiga makofi na kukohoa. Nyamizi, aliyekuwa amesimama kando, akawa anatikisa kichwa polepole akikubali, kama mtu anayesomewa sharti lake mwenyewe. Mheshimiwa akavuta pumzi aseme yale matatu ya mwisho.

Upepo ukageuka hapohapo. Wingu la Neema lote likashuka jukwaani. Masizi yakamwingia Mheshimiwa machoni na puani, naye, binadamu ni binadamu, akainua usinga kuyapunga.

Mimi ni mpiga tarumbeta. Usinga ukipanda, napuliza.

Nikapuliza. Akawa anapunga, ananiona, anapunga zaidi akinikataza, na kadiri alivyonikataza ndivyo usinga ulivyokuwa juu. Midomo yake ilikuwa inasema, "Isipokuwa za makaa! Isipokuwa za makaa!" lakini tarumbeta lilikuwa linalia, na nimekwisha kuwaambia, lisemwalo humo halihesabiki. Nami moshi ulikuwa umeniingia. Kifua kikaanza kuwaka, macho yakaona vimulimuli. Nikasema moyoni, Chande, inakata. Nikamtafuta Somoe kwenye umati. Nilimwona amesimama juu ya kigoda, khanga ameitupa, amejishika mdomo kwa mikono miwili azuie kikohozi chake, kama vile akikohoa yeye nitakohoa mimi. Nikapuliza na pumzi ya akiba ambayo sikujua ninayo.

Mheshimiwa akachoka mkono, usinga ukashuka. Tarumbeta lilikuwa bado linalia. Nikaanguka chali, na sheria ikawa imepita.

Asubuhi yake utekelezaji ukaanza, maana kwetu sheria ni sheria, hata ikiwa ya bahati mbaya. Mtambo ulikuwa wa Wizara, na Wizara ni Waziri, kwa hiyo moshi ulikuwa wa Mheshimiwa, na ulitakiwa ukae nyumbani kwake. Wanajeshi wakapanda dohani na magunia ya mkaa. Moshi ukaingia kwa mdomo wa gunia, ukatokea kwenye vitundu, ukapiga saluti ukaenda zake. Wakajaribu vyandarua. Wakajaribu madumu, na kila dumu lililofungwa lilipelekwa kwa Mheshimiwa kwa ving'ora, likapangwa sebuleni, halafu chumbani, halafu kitandani upande wa mama. Mkewe akarudi kwao. Fundi mmoja akashona kofia kubwa ya turubai ya kulivisha dohani, wakalivisha kwa hotuba na wimbo wa taifa. Moshi ukarudi ndani, wafanyakazi wakatoka mbio kwa madirisha, na moto ukazimika wenyewe.

Mji ukawa giza. Na hewa, taratibu, ikaanza kuwa nyeupe.

Siku moja tukasikia kelele mtaani, tukadhani ni mwizi. Kumbe watu wameona mlima. Masizini ina mlima, nyie! Mkubwa, wa kijani, upo upande wa mashariki tangu siku hizo zote, na hakuna aliyetuambia. Wazee walilia. Wengine walitaka polisi waitwe waulize umeingiaje.

Nyumbani Somoe akapunguza mto mmoja. Kisha wa pili. Jioni moja nikamkuta amelala chali, mikono kifuani, kimya, nikapiga yowe nikijua ameniacha.

"Una nini wewe?" akasema, amefumbua jicho moja. "Acha watu walale."

Sentensi nzima, mpaka mwisho wake. Nilikwenda uani nikalia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine.

Serikali haikulala chali. Giza lilikuwa la Wizara ileile, na lilianza kuleta maswali. Wakamwita Nyamizi wamwulize kinu chake kinajengwa kwa muda gani. Akasema kweli yake: ni miaka, si miezi, kwa sababu ukuta ndani ya ukuta haujengwi kwa haraka, na waliojenga kwa haraka ndio waliojuta. Akasema pia kwamba sheria mpya haimsumbui hata kidogo: taka kuzikusanya, kuzifungia na kuzilinda ndiyo kazi aliyoisomea, na nyumba ya kukaa nazo ataijenga na kuhamia. Mheshimiwa akamwambia nchi haiwezi kuongozwa na watu wanaosema kweli, itachelewa.

Kisha akamwita Mwanasheria wa Serikali, mtu mwembamba aliyezoea kupita mahali ambapo mlango haupo. Mwanasheria akaisoma ile sheria, akacheka peke yake, akaleta ufafanuzi.

Ufafanuzi wenyewe tulisomewa garini tukienda kwenye mkutano. Sheria inasema taka zifungiwe na kulindwa nyumbani kwa mzalishaji. Mzalishaji ni serikali. Serikali ni ya wananchi. Kwa hiyo nyumbani kwa serikali ni ndani ya wananchi. Kifua kina mbavu, mbavu ni nondo, basi kifua ni ghala halali. Moshi ukiingia kifuani haujamgusa mwananchi, umehifadhiwa naye. Mtambo utawashwa leo hii baada ya tarumbeta. Na kwa kuwa kila kifua sasa ni Ghala la Serikali, atakayekohoa atakuwa anavujisha mali ya umma, na adhabu yake ni kifungo.

"Hata mgonjwa, Mheshimiwa?" nikauliza. Sijawahi kuuliza kitu garini.

"Hasa mgonjwa," akasema Mheshimiwa. "Huyo ndiye mwenye mzigo mkubwa."

Nikamfikiria Somoe na ile mito. Makaa yatawashwa, kifua kitambana, atakohoa, na kwa kukohoa watamchukua. Nikalishika tarumbeta nikaona ni zito.

Umati ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na mara hii watu walionana nyuso. Somoe alikuwa mstari wa mbele. Mheshimiwa akasoma ufafanuzi wote, vizuri, bila upepo. Akainua usinga.

Nikaweka tarumbeta mdomoni. Nikalitoa.

"Puliza, Chande!"

"Mheshimiwa, naogopa sheria."

"Sheria gani, wewe? Sheria unaipitisha sasa!"

"Ndiyo hiyo, Mheshimiwa. Kifua changu kimekuwa ghala. Nimeishi chini ya dohani tangu kuzaliwa, humu ndani mmejaa mali ya umma tupu. Nikianza kupuliza ni halali, kwa kuwa ufafanuzi haujapita. Lakini usinga ukishuka utakuwa umepita, na mimi nitakuwa bado napuliza. Nitakuwa navujisha mbele ya Waziri, kwa tarumbeta, nchi nzima inasikia. Naomba unielekeze, mimi mtu mdogo: niache kupuliza kabla hujashusha?"

"Ukiacha kabla, haipiti!"

"Nami ndipo nilipokwama, Mheshimiwa."

Mwanasheria akaangalia pembeni kama kuna mlango. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo. Mheshimiwa bado ameushikilia usinga wake juu.

"Lete hapa!" akafoka. Akaninyang'anya tarumbeta. "Mimi sina ghala! Nitapuliza mwenyewe!"

Usinga mkono huu, tarumbeta mkono huu, akavuta pumzi ya kiwaziri. Sasa mtu huyu alikuwa amelala na madumu ya moshi chumbani kwa siku zote zile, na kabla ya hapo miaka mingi ofisini chini ya lile dohani. Tarumbeta likatoa sauti ya kifaranga. Kisha likatoa kikohozi. Kikamkunja, kikamwinua, kikamkunja tena. Usinga ukamponyoka ukaanguka chini. Akapiga magoti jukwaani, uso umemvimba, machozi yanamtiririka, akitafuta hewa kwa mikono.

Nimemwona mtu mmoja tu akikohoa vile. Sikucheka tena.

Somoe alikuwa amekwisha kupanda jukwaani. Akamkalisha Mheshimiwa, akamshika mabega kama nilivyokuwa nikimshika yeye, akampigapiga mgongo.

"Kohoa, baba," akamwambia. "Kohoa usione haya. Sheria yako haijapita, hakuna wa kukukamata."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtambo haukuwashwa. Nyamizi anajenga kinu chake nyuma ya mlima, polepole, ukuta ndani ya ukuta, na kila Jumamosi watu wanakwenda kumwuliza maswali ya hofu, naye anayajibu yote, hata yale ambayo jibu lake halipendezi. Mheshimiwa Magotagota tabibu amemkataza hotuba. Tunatumia vibatari na tunalalamika sana, maana giza si kitu kizuri na asikudanganye mtu.

Juzi nikamwambia Somoe kwamba, ukiangalia vizuri, nchi hii niliiokoa mimi kwa tarumbeta langu.

Akaweka chini mchele aliokuwa akipepeta, akaanza. Alianzia kwenye mlango ambao sikuufunga mwaka ule, akapita kwa mama yangu, akaingia garini kwa Mheshimiwa ambako nilikaa miaka yote nikipuliza kila upuuzi nilioinuliwa usinga, akazunguka mlima, na majirani wakaacha vyungu vyao wakaja. Hakukohoa hata mara moja. Alipomaliza nilikuwa sina haki yoyote duniani, nikaomba radhi.